Mafua: Matunzo ya Nyumbani na Wakati wa Kushuka Zahanati

Mwezi Juni ukishaingia, ukungu huanza kukaa muda mrefu juu ya Milima ya Uluguru. Huko Nyandira, Tchenzema, Bunduki na sehemu nyingine za Mgeta, watu huamka na baridi kali, na hata mjini Morogoro watoto huenda shuleni wamevaa masweta. Kipindi hiki cha kipupwe, hadi mwezi Agosti, mafua huwa mengi. Mtoto mmoja akianza kupiga chafya darasani, haipiti wiki nyumba nzima inakohoa.

Mafua yakiingia nyumbani, wengi wetu hufanya moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaokimbilia dukani kununua vidonge vya rangi mbili, Septrin au Ampiclox, wakiamini kwamba dawa kali itayamaliza mafua mapema. Wapo pia wanaosema, "Ni mafua tu, yataisha yenyewe," wakaendelea kusubiri hata mtoto anapoanza kuhema kwa shida. Wa kwanza hupoteza fedha na kuharibu nguvu ya dawa. Wa pili wanaweza kumpoteza mtoto.

Makala hii inaeleza njia iliyo sahihi. Mafua ya kawaida hayana dawa ya kuyaponya bali yanahitaji matunzo, na matunzo hayo yanapatikana nyumbani kwa gharama ndogo. Lakini kila anayemtunza mgonjwa wa mafua, hasa mtoto mdogo, anapaswa kujua kuhesabu pumzi na kuzitambua dalili zinazosema: sasa si mafua tena, tushuke zahanati leo.

MAFUA NI NINI?

Mafua husababishwa na virusi, yaani vijidudu vidogo sana ambavyo huingia kwa njia ya pua, mdomo au macho. Zipo zaidi ya aina 200 za virusi vinavyoweza kuleta mafua ya kawaida, ndiyo maana mtu anaweza kuugua mara kadhaa kwa mwaka mmoja. Dalili zake tunazijua: pua kuziba au kutoa kamasi, kupiga chafya, koo kuwasha, kikohozi na homa ndogo. Kwa kawaida mgonjwa hupata nafuu ndani ya siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi kinaweza kuendelea kwa wiki mbili au tatu.

Influenza ni ndugu mkubwa wa mafua. Huanza ghafla, kwa homa kali, kutetemeka, kuumwa kichwa, maumivu ya misuli na uchovu unaomlaza mtu kitandani. Historia inatufundisha tusiidharau. Mwishoni mwa mwaka 1918, miaka miwili baada ya Vita Kuu ya Kwanza kupita Morogoro, influenza ilienea Afrika Mashariki pamoja na askari na wapagazi. Duniani kote iliua mamilioni mengi ya watu. Mwaka 2009 aina nyingine, iliyoitwa mafua ya nguruwe, ilifika Tanzania. Tangu mwaka 2020 tumeongeza virusi vya korona, ambavyo kwa watu wengi huanza kama mafua ya kawaida.

Je, ni baridi inayoleta mafua? Wazee wetu husema mtoto amepigwa na baridi. Baridi peke yake bila virusi haileti mafua. Hata hivyo wazee hawakukosea sana, kwa sababu wakati wa baridi tunafunga madirisha, tunakusanyika jikoni kuota moto, na watoto wanne wanalala kitanda kimoja. Virusi hupita kwa urahisi kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Virusi vingi pia hudumu muda mrefu zaidi kwenye hewa ya baridi.

HOMA: NI MAFUA AU NI MALARIA?

Hili ni swali gumu katika mkoa wetu. Watu wa milimani hushuka kuuza mboga na matunda mjini, wengine huenda kulima mpunga mabondeni kwenye mbu wengi, kisha hurudi nyumbani. Mtu akipata homa baada ya safari hiyo, yanaweza kuwa mafua na inaweza kuwa malaria. Kwa kumwangalia tu huwezi kujua.

Utafiti uliofanyika mwaka 2008 Dar es Salaam na Ifakara, hapa hapa mkoani Morogoro, ulichunguza watoto 1,005 wenye homa. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2014 na yaliwashangaza wengi. Zaidi ya watoto 6 katika kila 10 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Kiasi cha mtoto 1 tu katika kila 10 alikuwa na malaria. Kwa jumla watoto 7 katika kila 10 walikuwa na ugonjwa unaotokana na virusi, yaani ugonjwa ambao antibayotiki haiutibu.

Kutokana na hayo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, si kila homa ni malaria, kwa hiyo tusimpe mgonjwa dawa mseto kwa kubahatisha. Pili, yule mmoja katika kumi yupo kweli, na malaria huua haraka. Kwa hiyo mwenye homa apelekwe kupimwa. Kipimo cha haraka cha malaria kinahitaji tone moja la damu kutoka kidoleni, na majibu hupatikana ndani ya dakika 15 hadi 20.

MATUNZO YA NYUMBANI

Mtoto akiwa na mafua lakini anacheza, ananyonya au anakula, na anapumua vizuri, mtunze nyumbani kama ifuatavyo:

1. Apumzike. Mwili unahitaji nguvu ili kupambana na virusi. Mtu mzima naye aache jembe kwa siku mbili au tatu. Kupanda mlima na mzigo kichwani huku una homa kunachelewesha kupona.

2. Anywe vinywaji vingi. Homa na kupumua kwa mdomo hukausha mwili. Mpe maji yaliyochemshwa, uji mwepesi, supu, maji ya matunda au chai ya vuguvugu. Mtoto anayenyonya anyonyeshwe mara nyingi zaidi, mchana na usiku. Pua ikiziba hawezi kunyonya kwa muda mrefu, hivyo mnyonyeshe kidogo kidogo.

3. Ale. Mgonjwa wa mafua hukosa hamu ya kula, lakini asiachwe na njaa. Mpe chakula laini mara kwa mara: mtori wa ndizi, viazi vilivyopondwa, maharage, yai, au uji uliotiwa maziwa. Wafugaji wa mbuzi wa maziwa wa Mgeta wanayo hazina nyumbani, ila maziwa yachemshwe kwanza. Machungwa, mapapai na mboga za majani vinasaidia kuujenga mwili.

4. Safisha pua. Chemsha nusu lita ya maji, weka chumvi kijiko kidogo kimoja cha chai kisichojaa sana, koroga kisha acha yapoe. Dondosha matone mawili au matatu katika kila tundu la pua kabla ya kunyonyesha au kulala, halafu futa kamasi kwa kitambaa safi na laini. Maji hayo yatengenezwe upya kila siku.

5. Tuliza koo na kikohozi. Kijiko kidogo cha asali, peke yake au katika maji ya vuguvugu yenye limau, hutuliza kikohozi cha usiku. Lakini mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli ya mtoto mchanga. Mtu mzima anaweza pia kusukutua koo kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi.

6. Punguza homa na maumivu. Dawa inayofaa ni paracetamol, ambayo wengi huiita Panadol. Mtu mzima anaweza kumeza vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, na visizidi 8 kwa saa 24. Mtoto hupewa kulingana na uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Kwa mfano, mtoto wa kilo 10 hupewa mililita 5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, si zaidi ya mara nne kwa siku. Chukua kadi ya kliniki unapokwenda dukani ili muuzaji aone uzito wa mtoto. Mtoto chini ya miezi 3 asipewe bila ushauri wa mhudumu wa afya. Aspirini isitolewe kwa watoto.

7. Mvalishe kiasi. Mtoto asipate baridi, lakini mwenye homa kali asifungwe mablanketi matatu. Nguo moja nyepesi na shuka au blanketi moja vinatosha.

TANGAWIZI, MCHAICHAI NA KUJIFUKIZA

Milima yetu imejaliwa viungo. Kinole na Matombo wanalima mdalasini, karafuu na pilipili manga, na tangawizi hupatikana sokoni. Chai ya tangawizi, mchaichai na limau haiui virusi vya mafua, lakini hupasha mwili joto, hulainisha koo na humfanya mgonjwa anywe maji mengi. Hiyo peke yake ni faida kubwa. Endeleeni kuitumia, bila kuifanya kali sana kwa watoto.

Kujifukiza ni desturi ya siku nyingi, na mwaka 2020 wakati wa korona ilienea nchi nzima. Watu wamechemsha majani ya mkaratusi, mpera, mchaichai, mwarobaini na mlimao. Mtu mzima akivuta mvuke anaweza kuhisi pua imefunguka kwa muda. Lakini haijathibitishwa kwamba mvuke unaua virusi au unafupisha siku za ugonjwa, na hatari yake ni ya kweli: sufuria ya maji ya moto chini ya blanketi ikipinduka huunguza vibaya uso, kifua na mapaja. Kwa sababu hiyo mtoto asifukizwe. Mtu mzima anayependa kujifukiza aweke chombo mahali imara, mezani au sakafuni palipo sawa, baada ya kukiepua motoni, na watoto wawe mbali.

Dawa za kuchua kama vile Vicks zisipakwe puani wala zisitumiwe kwa mtoto chini ya miaka 2.

DAWA ZA DUKANI

Antibayotiki kama amoksilini, Septrin na Ampiclox huua bakteria. Haziui virusi. Mtu akizimeza kwa ajili ya mafua atapona baada ya wiki moja, siku zile zile ambazo angepona bila kuzimeza, kisha atasema dawa imemponya. Hivyo ndivyo imani hii inavyoendelea kutoka jirani mmoja hadi mwingine.

Hasara yake inakuja baadaye. Kila mara tunapotumia antibayotiki bila sababu, bakteria waliomo mwilini hujifunza kuishi nayo na kuwa sugu. Siku mtoto atakapopata nimonia, ugonjwa ambao kwa kawaida hutibiwa kwa amoksilini, dawa hiyo inaweza isifanye kazi. Dawa hii tuitunze kwa ajili ya siku hiyo. Na mhudumu wa afya akishaiandika, mtoto amalize dozi yote hata kama amepata nafuu siku ya pili. Vidonge vilivyobaki nyumbani visigawiwe kwa jirani.

Mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulianza mkoani Ruvuma mwaka 2003 na baadaye ukafika Morogoro na mikoa mingine. Wauzaji wake hupewa mafunzo. Mweleze muuzaji dalili za mgonjwa na umri wake, badala ya kumwambia tu, "Nipe dawa kali ya mafua." Muulize pia kilichomo katika vidonge vya mafua vilivyochanganywa. Vingi vina paracetamol ndani yake, hivyo mtu anayemeza hivyo pamoja na Panadol anaweza kuzidisha dozi bila kujua na kuliumiza ini. Dawa za maji za kikohozi hazifai kwa watoto wadogo.

MAMBO YANAYODHURU

Yapo mambo yanayofanywa kwa nia njema lakini huleta madhara makubwa.

Kukata kimeo. Kimeo ni kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo. Mtu anapokohoa sana kimeo huvimba kidogo, ndipo baadhi ya watu husema ndicho kinacholeta kikohozi na kumpeleka mtoto kwa mkataji. Kimeo si chanzo cha kikohozi. Kukikata kunaweza kumwacha mtoto akivuja damu nyingi, akiambukizwa pepopunda au UKIMWI kwa vyombo vichafu, na ugonjwa uliokuwa kifuani unabaki pale pale bila tiba. Siku zinazopotea kwa mkataji ndizo siku ambazo nimonia inaendelea kukua.

Kunywesha mafuta ya taa. Mafuta ya taa si dawa ya kikohozi. Yakiingia kwenye mapafu yanaweza kuua. Usimtilie mtoto samli wala mafuta mengine puani.

Jiko la mkaa ndani ya chumba cha kulala. Usiku wa baridi wengine huingiza jiko ndani na kufunga mlango na dirisha. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Oteni moto kabla ya kulala, kisha jiko litoke nje.

Moshi wa kuni. Mtoto anayebebwa mgongoni mama anapopika kwenye mafiga hupumua moshi kwa saa nyingi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa moshi wa ndani ya nyumba huongeza hatari ya nimonia kwa watoto karibu mara mbili. Fungua dirisha, toboa tundu la kutolea moshi, tumia kuni kavu au jiko banifu, na mtoto mwenye mafua akae na mtu mwingine nje ya jiko.

JIFUNZE KUHESABU PUMZI

Nimonia ni ugonjwa wa mapafu ambao mara nyingi huanza kama mafua. Mwaka 2019 ilikadiriwa kuwa iliua watoto wapatao 740,000 wenye umri chini ya miaka 5 duniani. Wengi wa watoto hao wangeweza kupona kama wangepata dawa mapema. Habari njema ni kwamba mzazi anaweza kuitambua mapema bila chombo chochote zaidi ya saa au simu.

Fanya hivi:

1. Subiri mtoto awe ametulia. Asiwe analia, ananyonya wala ametoka kukimbia. Akiwa amelala ni vizuri zaidi.
2. Inua nguo uone tumbo na kifua. Kila kinapopanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja.
3. Hesabu kwa dakika moja nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili.
4. Ukipata idadi kubwa, rudia mara ya pili ili kuhakikisha.

Mtoto anapumua haraka kupita kawaida ikiwa:

- ana umri chini ya miezi 2 na pumzi ni 60 au zaidi kwa dakika;
- ana miezi 2 hadi kabla ya mwaka 1 na pumzi ni 50 au zaidi;
- ana mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5 na pumzi ni 40 au zaidi.

Mtoto mwenye kikohozi anayepumua haraka hivyo apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

DALILI ZA HATARI: ONDOKA SASA

Usisubiri kesho endapo mtoto ana mojawapo ya dalili hizi:

- sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi;
- hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu;
- amepata degedege;
- amelegea sana, haamki vizuri au amepoteza fahamu;
- midomo au ulimi umekuwa wa bluu;
- anatoa sauti ya kukwaruza anapovuta pumzi hali ametulia;
- ana umri chini ya miezi 2 na ana homa, au mwili wake umekuwa wa baridi, au hanyonyi vizuri.

Kuhusu degedege tuseme wazi: mtoto apelekwe kwenye tiba mara moja, kwani inaweza kuwa malaria kali au ugonjwa wa ubongo. Kama familia inapenda kuomba au kutimiza desturi nyingine, mambo hayo yasichelewesha safari.

Mtu mzima aende kituoni akibanwa na pumzi, akiumwa kifua, akikohoa damu, akichanganyikiwa, homa ikizidi siku 3, au akipata nafuu kisha homa ikarudi kwa nguvu. Wajawazito, wazee, watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au selimundu wasichelewe kutafuta ushauri. Na anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi apimwe kifua kikuu. Kipimo na matibabu yake hutolewa bure.

TUCHUKUE MFANO

Tufikirie familia moja inayoishi juu mlimani, mwendo wa saa mbili kwa miguu hadi zahanati. Mtoto wao ana umri wa mwaka mmoja na miezi minane. Jumatatu alianza mafua, na mama akamtunza vizuri kwa uji, maziwa na maji ya chumvi puani. Alhamisi saa nane mchana anamwona amepoa, hataki kucheza. Anamwambia mama yake:

"Mama, huyu mtoto leo anapumua haraka."

"Si mafua tu hayo, mwanangu? Kesho atakuwa mzima."

"Nimehesabu mara mbili, mama. Pumzi 54. Kwa umri wake zisifike 40."

"Basi mwite mjomba wake aje. Mvua ikianza, njia itateleza."

Wanaondoka saa nane na nusu na kufika kabla mhudumu hajafunga. Mtoto anapimwa malaria, anachunguzwa kifua, anapewa dozi ya kwanza ya amoksilini pale pale. Wangengoja hadi Ijumaa, pengine angekuwa hawezi kunywa, na safari ingekuwa ya kwenda hospitali mjini.

Tofauti katika mfano huu imeletwa na mambo matatu: mama alijua idadi, bibi hakuona aibu kubadilisha mawazo, na mtu wa kuwasindikiza alijulikana. Kila kaya inayoishi mbali ijiwekee mpango wake kabla ya msimu wa baridi. Nani atamsindikiza mama? Namba ya dereva wa bodaboda ni ipi? Fedha za nauli zimewekwa wapi? Kama pikipiki haifiki, machela iko kwa nani? Vikundi vya kuweka na kukopa vinaweza kutenga mfuko mdogo wa dharura kwa kazi hii.

TUKINGE WENGINE

Mgonjwa akohoe kwenye kiwiko au kitambaa, si mkononi. Kila kaya iwe na kibuyu chirizi karibu na choo na jiko, pamoja na sabuni. Ikikosekana, majivu yanasaidia. Mwenye mafua asimbusu mtoto mchanga, na mama mwenye mafua aendelee kunyonyesha akiwa amefunika pua na mdomo kwa barakoa au kitambaa safi. Fungueni madirisha mchana hata kama kuna baridi. Mtoto mwenye homa abaki nyumbani asiende shule.

Zaidi ya yote, wapelekeni watoto kupata chanjo. Chanjo ya Hib ilianza kutolewa Tanzania mwaka 2009 ndani ya chanjo ya pamoja, na ile ya kuzuia nimonia inayoletwa na nyumokokasi ilianza mwanzoni mwa mwaka 2013. Zote hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Hazizuii mafua, lakini hupunguza sana uwezekano wa mafua hayo kuishia katika nimonia kali.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mtoto akipata mafua katika kijiji chetu, jambo la kwanza tunalofanya ni lipi? Je, linasaidia au linadhuru?
2. Kila mmoja ahesabu pumzi za mtoto aliyepo hapa kwa dakika moja. Umepata ngapi? Je, ni kawaida kwa umri wake?
3. Nani nyumbani huamua kwamba mtoto apelekwe zahanati? Mama akiwa peke yake na mtoto amezidiwa, ana ruhusa na nauli?
4. Je, bado kuna watu wanaokata kimeo katika eneo letu? Tunawezaje kuzungumza nao, na kuzungumza na wazazi, kwa heshima?
5. Tunaweza kufanya nini kabla ya Juni ili kupunguza moshi katika majiko yetu?

Tunawashauri viongozi wa vikundi wakate ukurasa wenye idadi za pumzi na dalili za hatari, waubandike ukutani kanisani, msikitini, shuleni au kwenye ofisi ya kijiji, mahali ambapo kila mama na kila baba anaweza kuusoma.